LockHunter na File Locksmith: nani kashikilia faili langu mpaka halifutiki?

Mi sio fundi kompyuta, naomba hilo lieleweke mapema. Nina desktop ya mtumba hapa nyumbani, Windows 10, SSD ya GB 256 ambayo ukiifungua inakusomea 238, na naitumia kuediti video za sendoff, kipaimara na ubarikio za ndugu na majirani, hela ndogo ndogo ya kusogeza siku. Sasa anayefanya kazi hii anajua kwamba diski haijawahi kutosha hata siku moja. Kila baada ya wiki mbili lazima nifute, na kufuta ndiko kulikonifikisha kwenye hizi programu mbili ninazozielezea leo, zote za bure, LockHunter na File Locksmith, nimekaa nazo kama miezi mitatu hivi.

Ilianza Jumamosi moja usiku. Diski C ishageuka nyekundu, imebaki GB 1 na pointi, na Jumapili nina kazi ya watu. Kuna video ya sendoff ya binamu yangu, GB 9, nilishamkabidhi kwenye flashi yake mwezi uliopita, sina haja nayo. Nabonyeza Delete, inakuja ile meseji ambayo kila mtu kashaiona, kwamba haiwezekani kwa sababu faili limefunguliwa kwenye programu nyingine. Programu gani? Haisemi. Yaani hapo ndipo Windows inaponiudhi kuliko kitu kingine chochote, kuna wakati inakutajia jina, labda Word au nini, na kuna wakati inakwambia tu "programu nyingine" kama mtu anayekwambia fulani anakusema vibaya halafu anakataa kumtaja.

Nikafunga kila kitu. Nikafunga programu ya kuediti, nikaingia Task Manager nikahakikisha haijabaki imejificha, nikafunga na kile kidirisha cha kuonyesha picha ndogo za video maana nilishasikia kwamba hata kuiangalia tu folda kunaweza kushika faili. Bado. Nikazima kompyuta nikawasha. Bado! Wakati huohuo binti yangu yuko sebuleni anapiga kelele "Baba, TV imekata tena!" na mi namjibu subiri mama, baba ana kazi. Nikazima nikawasha mara ya pili, akapiga tena kelele ileile. Kumbukeni hiyo kelele.

Nikamtumia meseji fundi mmoja ninayemjua, nikamweleza, hakuuliza hata swali moja, kanijibu "kaka hapo Windows imechoka, lete nikupigie upya, elfu 25". Kupiga Windows! Faili moja limegoma kufutika nipigiwe Windows, niweke upya programu zote, kwa elfu 25 na nauli ya bodaboda juu. Mke wangu ndo aliniambia we si huwa unashinda YouTube, tafuta.

Nikatafuta. Nikaikuta File Locksmith, ambayo haiji peke yake, iko ndani ya PowerToys, ule mfuko wa vikorokoro vya bure wa Microsoft wenyewe. Na hapa niseme kabisa, kwa sisi wa bando hiyo ni kero, PowerToys nzima inazidi MB 200 na ndani yake kuna vitu kibao ambavyo mi sivigusi kabisa, cha kubadilisha majina ya mafaili kwa mkupuo, cha kuchagua rangi kwenye skrini, sijui cha kupanga madirisha. Unabeba gunia zima kwa ajili ya sindano moja. Ila sindano yenyewe sasa, we acha.

Ukishaiweka, unaenda kwenye faili lako, unabonyeza kitufe cha kulia cha mausi, unachagua File Locksmith, kinafunguka kidirisha kidogo kinachokuorodheshea nani kalishika. Basi. Mi nikabonyeza kwa mbwembwe zote, kikafunguka, kikasema hakuna anayelitumia. Nikachoka. Karibu nimjibu yule fundi sawa nakuja.

Lakini juu ya kile kidirisha kuna kialama cha ngao cha kuifungua upya kwa mamlaka ya admini. Hiki ndicho kitu ambacho wengi watakosea, kwa hiyo nakiandika taratibu: bila kubonyeza kile, File Locksmith inaona zile programu ulizofungua wewe mwenyewe kwa jina lako tu, haioni huduma za chinichini ambazo Windows inaziendesha kwa majina yake yenyewe. Nikabonyeza, nikakubali ile skrini inayouliza una uhakika, na hapo kikatokea kitu kimoja tu: wmpnetwk.exe, mtumiaji NETWORK SERVICE.

Ndo nini hicho? Nikagoogle. Kumbe ni ile huduma ya Windows Media Player ya kugawa video na muziki kwenye vifaa vingine vya ndani ya nyumba kupitia wifi. Nikanyamaza kidogo. Nikainuka taratibu, nikaenda sebuleni. Binti yangu kajilaza kwenye kochi, kwenye TV binamu yangu anakata keki.

Yaani mtoto alikuwa anaangalia sendoff ileile ninayotaka kuifuta, TV inaivuta kutoka kwenye kompyuta chumbani, mi nikizima kompyuta kwake inakata, ikiwaka anabonyeza tena anaendelea pale alipoishia, na faili linashikwa upya. Nusu saa nzima tunapigana vita mimi na yeye na hakuna anayejua. Nikamwambia binti zima TV, nikarudi chumbani, nikasubiri sekunde chache, Delete, likaenda.

Kwa hiyo sikuua programu yoyote, sikulazimisha kitu, nilitajiwa jina tu. Na hiyo ndo sababu naipa File Locksmith maksi za juu, maana watu wengi wanatafuta programu ya "kufuta kwa nguvu" wakati nguvu unazo tayari, unachokosa ni jina la mshikaji. Ukilijua jina mara nyingi jibu ni kunyanyuka tu kwenye kiti. Ingawa inacho kitufe cha End task pembeni ya kila jina, ukikibonyeza ile programu inauawa palepale, bila salamu, na kazi ambayo haijaseviwa inakwenda nayo.

Hilo la kazi kwenda nalo sikulijua kwa kusoma, nimelijua kwa kumharibia mtu, na hapa ndo inaingia LockHunter.

Dada yangu ni mweka hazina wa kikoba chao, na laptop yake bado ina Windows 7, PowerToys huko haiingii maana inataka Windows 10 kwenda juu. LockHunter yenyewe haichagui, inakubali mpaka mashine za zamani kabisa, na ni ndogo, MB chache tu, bando la buku linashusha na chenji inabaki. Inafanya kazi kwa mtindo uleule, kitufe cha kulia, unachagua iulize nini kinalishika hili faili, inakuonyesha. Tofauti ni kwamba LockHunter ina mkono mzito zaidi. File Locksmith inajua mambo mawili, kukuonyesha na kuua. LockHunter inaweza kulinasua faili bila kuiua programu, inaweza kulifuta palepale, na kama limegoma kabisa inaweza kuagiza lifutwe kompyuta ikiwashwa tena, kabla hata wale wanaolishika hawajaamka. Hiyo ya mwisho ni tamu sana kwa yale mafaili ya programu uliyoiondoa lakini bado imeacha mabaki.

Sasa dada ana mafaili ya Excel ya kikoba yamejaa Desktop, "hisa mpya", "hisa mpya FINAL", "hisa mpya FINAL 2", mnajua wenyewe. Akaniambia kaka nisafishie haya, acha moja tu. Moja likagoma, FINAL 2. LockHunter ikanitajia Excel. Mi kwa kujiamini kwa mtu aliyeshinda vita vya TV, sikuuliza wala kuangalia chini kwenye upau kama Excel iko wazi, nikachagua iue programu halafu ilifute. Ikaua, ikafuta. Dada akatoka jikoni na sahani mkononi, akaangalia skrini, akauliza "ile niliyokuwa naingiza hisa za leo iko wapi?"

Alikuwa kaificha chini, kashaingiza wanachama wote wa siku ile na hajasevu hata mara moja.

Kilichoniokoa nusu ni kwamba LockHunter haifuti moja kwa moja, inapeleka kwenye pipa la taka, kwa hiyo faili lenyewe nililirudisha, lakini lilirudi lilivyokuwa mara ya mwisho kuseviwa, yaani wiki iliyopita. Za siku ile ikabidi dada aziingize upya kutoka kwenye daftari, na mimi nikiwa pembeni namsomea majina kama karani. Sio kosa la programu hata kidogo. Ila hilo la pipa la taka lina upande wake wa pili, ukifuta kitu ili upate nafasi, nafasi haiji mpaka ulimwage pipa, mi nilishakaa siku nzima nashangaa nimefuta GB kadhaa na diski bado nyekundu.

Shemeji yangu anayetumia Ubuntu anatucheka sana kwenye haya mambo. Kwake faili likiwa limefunguliwa linafutika tu, jina linaondoka, ile programu inaendelea kulisoma mpaka imalize ndipo nafasi inarudi kwenye diski. Kwa Windows, programu ikifungua faili ndiyo inayoamua kama wengine wanaruhusiwa kulifuta au la, na nyingi hazitoi ruhusa. Sio ujinga wa kompyuta yako, ndivyo nyumba ilivyojengwa.

Sasa ambayo hizi programu HAZIWEZI, maana naona watu wanazisifia kama dawa ya mwarobaini.

Folda ya ndani ya folda ya ndani ya folda. Mpwa wangu aliniletea notisi za chuo zilizozipiwa, kuzifungua zikazaa folda ndefu kama treni ya mizigo, kila moja na jina la mstari mzima. Kufuta, inasema njia ni ndefu mno. Hapo hakuna aliyeshika kitu, File Locksmith inakuonyesha patupu hata ukiwa admini. Tatizo ni kwamba Windows kwa kawaida yake inahesabu njia nzima ya faili, kuanzia C mpaka herufi ya mwisho, na mwisho ni herufi 260. Mi nilitumia 7-Zip, ile ya kufungulia mafaili yaliyozipiwa, ukiifungua yenyewe ina kidirisha chake cha kutembelea mafaili, unaenda mpaka kwenye ile folda, Shift na Delete, imekwisha. Ukiwa huna 7-Zip badilisha majina ya folda za juu ziwe herufi moja moja, a, b, c, njia inafupika mwenyewe unafuta.

Faili linalofutika halafu linarudi. Hilo halijashikwa na mtu, hilo mara nyingi ni virusi, hasa ile mishotikati inayotokea kwenye flashi ukitoka nayo kuprinti. Unafuta shotikati, sekunde tano imerudi. Kuna kiskripti kinaendeshwa chinichini, ukiona wscript.exe kwenye Task Manager na hujui imetoka wapi, mshuku huyo kwanza, mmalize, uskani mashine nzima na hata ile Defender ya Windows inatosha kuanzia, ndipo ushughulike na flashi. Mafaili yako yenyewe kwa kawaida hayajapotea, yamefichwa tu, unafungua CMD, kile kidirisha cheusi cha kuandikia amri, unaandika attrib -h -r -s /s /d kwenye herufi ya flashi yanajitokeza.

Windows.old na mafolda yanayosema uombe ruhusa kwa TrustedInstaller. Nimeona watu wanaelekezana takeown na icacls, zile amri za kujimilikisha mafaili na kujipa ruhusa, kana kwamba ni paracetamol. Tulia. TrustedInstaller ni Windows mwenyewe anakwambia hiki ni changu. Windows.old inaondoka kwa kutumia Disk Cleanup, uchague mafaili ya mfumo, uweke tiki kwenye Windows ya zamani. LockHunter usiipeleke kabisa ndani ya folda ya Windows, ule mkono mzito niliousema hauulizi mara tatu.

Halafu flashi iliyojifunga. Hii imenishinda mpaka leo. Flashi yangu ya GB 16 niliipeleka stationery moja kuprinti, yule kijana kwa bahati mbaya akakopi humo na picha za paspoti za mteja mwingine, nimerudi nyumbani nataka kuzifuta, inasema diski imezuiwa isiandikwe. LockHunter patupu, hakuna mshikaji. Nikajaribu chkdsk, amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, ambayo siku nyingine iliwahi kunisaidia kwenye flashi yenye mafaili ya majina ya ajabu ajabu, ya maua na mikia, hii hapa ikakataa hata kuanza kurekebisha. Nikaingia diskpart, ile ya kupanga diski kwa amri, nikafuata hatua zote, nikaandika attributes disk clear readonly, ikanijibu imefanikiwa kabisa, kuangalia hali yake bado inasomeka imefungwa. Kumbe flashi memori yake ikianza kufa, chipu yake yenyewe inajifunga, unaweza kusoma ila huwezi kuandika wala kufuta, na hakuna programu ya kuibembeleza. Kama ni kadi ya SD kwanza angalia kale kaswichi ka pembeni, pengine kimesogea tu. Flashi nyingi hazina kaswichi.

Kwa asiye na bando kabisa, au yuko kwenye kompyuta ya ofisi ambayo hairuhusiwi kuwekwa kitu, Windows inayo dawa yake ndani ambayo haitangazwi. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika resmon, nenda sehemu ya CPU, kuna kiboksi cha kutafutia pale kwenye Associated Handles, andika kipande cha jina la faili lako. Inakutajia mshikaji bila kushusha chochote. Haina sura nzuri na ina polepole kidogo, lakini siku ile ya sendoff ningekuwa naijua nisingetumia MB 200. Wale wanaopenda mambo mazito wanatumia Process Explorer, ya kina Mark Russinovich, Microsoft waliinunua kampuni yao 2006 na bado inatolewa bure, unabonyeza Ctrl na F unatafuta jina la faili, ila mi ikinifungukia ile orodha yake yenye rangi rangi naona kama naangalia ratiba ya mabasi ya nchi nzima.

Kwa hiyo kama mashine yako ni Windows 10 au 11 na una bando la kutosha, File Locksmith, na ushushe PowerToys kutoka Microsoft Store au ukurasa wao wa GitHub, sio kwenye zile tovuti zenye vitufe vitatu vya Download na viwili ni uongo. Mashine ya zamani au faili kichwa ngumu, LockHunter, lakini ukishaona jina la programu angalia kwanza kama mwenyewe yupo jikoni anapika. File Locksmith nampa 8 kati ya 10, mbili nimezikata kwa uzito na kwa ile ya kuficha huduma mpaka uwe admini. LockHunter 8 pia, mbili nimejikata mwenyewe.

Ule ugawaji wa video kwa TV nimeuacha kama ulivyo, nilijaribu kuuzima ikatokea vurugu sebuleni. Ile flashi ya stationery iko kwenye droo, na kila nikiichomeka nakutana na yule mzee wa watu wa picha ya paspoti, picha 4, mandhari ya bluu, kavaa tai, hafutiki.